Msamaha Ulioagizwa na Ofisi ya Tunis

Ilunga, mvivu mkuu wa Kolwezi,

Nimeagizwa nikuombe msamaha. Aliyeniagiza si mke wako wala padri, ni ofisi yetu ya Tunis. Barua hii isipowafikia leo, pamoja na nakala ya Kifaransa, kazi sina.

Kosa langu unalijua, ulikuwepo. Siku ya kilio chako, kabla hatujakuzika, wenzetu wa Tunis na Antananarivo, wale tunaogawana nao zamu za kuwatengenezea Wafaransa kompyuta kwa mbali, waliomba kuhudhuria. Tukaegesha simu juu ya kiti uani kwenu, video ikawaka. Hakuna aliyekumbuka kuwaeleza kwamba ukoo wangu na wako ni watani, na kwamba kazi ya mtani msibani ni kumcheka marehemu ili wafiwa wapate kupumua. Kwetu nani huelezwa hilo?

Basi wakaniona nimevaa koti lako, nimejilaza kando ya jeneza, nakoroma. Wakanisikia napiga kelele: "Musimuzike! Huyu anangojea tu saa ya kutoka kazini!" Watu uani walicheka mpaka wakashika mbavu. Tunis wakakata simu.

Jumatatu nilipokea simu ya yule bibi wa Ufaransa anayesahau nenosiri lake kila wiki. Anakutaka wewe tu. Nikamwambia umefariki. Akalia kidogo, kisha akaniuliza utarudi saa ngapi.

Mchana wake nikasimamishwa kazi kwa kumdhalilisha mfanyakazi mwenzangu. Wakaniletea fomu. Swali la tatu: je, aliyedhalilishwa ameelezwa haki zake? Nikaandika: bado, sijui kama huko aliko mtandao unafika.

Bi Inès, mkubwa wetu wa Tunis, hakucheka. Akataka shahidi. Nikamkalisha mke wako, Mama Kapinga, mbele ya kompyuta na kitambaa chake cheusi, nikijua huyu ataniokoa. Ilunga, niliona moto!

"Mi njo niko na malalamiko, hapana Tunis," akaanza. "Mutani gani huyu? Alitukana bwana yangu mara tatu tu, kisha akaanza kulia kama mutoto. Batu ba kwetu balisikia haya mpaka bakainamisha vichwa."

Na kwa kuwa Bi Inès hajui Kiswahili, ni mimi niliyetafsiri mashtaka yangu mwenyewe, neno kwa neno. Akapekua fomu zake zote. Mwisho akasema ofisi haina fomu ya kosa la namna hiyo. Niandike tu msamaha kwa marehemu, nirudi kazini.

Haya, naandika. Kwa kukoroma kando ya jeneza lako siombi msamaha, na Tunis wakinifukuza kwa hilo, wanifukuze. Mama Kapinga alikuwa hajacheka tangu ulipofumba macho, na siku ile alicheka.

Msamaha ninaoomba ni mwingine. Mtani halii, Ilunga. Udongo wa kwanza ulipoanguka nilikuwa na tusi la nne tayari mdomoni. Nikafungua mdomo, likakataa kutoka, nikalia. Nikakuaibisha mbele ya ukoo mzima. Nisamehe.

Siku ya kutimiza mwaka nitakuja kaburini, na Mama Kapinga atasimama karibu ahesabu matusi mwenyewe. Nakuahidi sitalia. Lakini lile la nne siwezi kukaa nalo mwaka mzima, chukua sasa: mjinga wewe, nani alikupa ruhusa ya kutangulia?

Mtani wako,
Kabwe