Jina la Mama Tumaini

Kitangari, Newala

Dada yangu Mama Tumaini,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na shemeji bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima. Maji ni ndoo mbili kwa siku, naoga kwa kikombe, ungeniona ungenicheka. Moyo ndio mbovu, na sina wa kumwambia ila wewe, maana jambo lenyewe limeanzia kwenye jina lako.

Kazi yangu unaijua: nakaa na kina mama, wananisimulia walivyojifungua, nawarekodi, kisha naandika. Majina ya kweli hatuandiki. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alinieleza jinsi nesi wa zahanati yao alivyompiga kofi akiwa katika uchungu, akamwambia, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba uliniita?" Nikatafuta jina la kumficha. Nikachukua lako, kwa kuwa wewe uko Musoma, nani atakujua huku?

Siku ya mrejesho, ya kuwasomea tuliyoandika, nikasoma mbele ya kijiji chao kizima, nesi akiwepo: "Mama Tumaini anasema..." Vichwa vyote vikageukia mkeka wa nyuma. Kumbe na wao wana Mama Tumaini wao, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Sikuwahi hata kumhoji. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa. Mimi ninayelipwa kuuliza sikumuuliza mwenyekiti wa kijiji swali moja tu: hapa yupo Mama Tumaini?

Nikajitetea kwamba jina ni la kubuni. Nesi akasema, "Basi mtaje aliyesema." Aliyesema alikuwa mbele yangu, anakunja ncha ya kanga yake. Nilimwahidi siri. Nikanyamaza, na watu wakaona nimekubali.

Uchungu ulipomshika, yule Mama Tumaini wao aliogopa kwenda zahanati kwa nesi yule. Akajifungulia kwa mama mkwe wake. Mtoto hakulia.

Nilikwenda kumpa pole. Nilitaka anitukane, Dada, ningepumua. Akanipa kigoda, akauliza, "Nambie kweli, jina langu ulipewa na nani?" Nikamwambia ni la dada yangu. Akauliza tena, "Na huyo Tumaini wake, mzima?" Nikajibu mzima, yuko darasa la pili.

Nisalimie shemeji. Mama mkubwa mwambie dawa yake ya miguu naitafuta. Tumaini mpe salamu mbili, yangu na ya mama huyo. Wakati naondoka alinisindikiza hadi mlangoni, akasema, "Msalimie mwanangu."

Mdogo wako,
Neema