Mtani Aliyeniheshimu

Kigango cha Chiola,
Nachingwea.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Amedeus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Sumbawanga haikusumbui tena kifua. Sisi hatujambo. Dada yako mguu umepungua uvimbe, na ameanza kugombana na vijana wanaopulizia dawa mikorosho yake. Kwa hiyo najua amepona.

Habari za msiba wa babu Saturnini ulizipata kwa simu. Kilichotokea siku ya maziko nilikuficha, na nadhani wengine walikuficha ili kunistiri.

Tangu nichaguliwe mwenyekiti wa kigango sijapata utulivu. Kwaya zetu mbili hazisalimiani, wazee wa baraza wananilaumu kila mmoja kwa sababu yake, na usingizi umekuwa wa shida. Sisemi haya kwa kujitetea, ingawa yawezekana najitetea.

Siku ile alifika Bi Rabia kutoka Chinongwe, mtani wa ukoo wetu. Alivaa kanzu ambayo marehemu aliivaa miaka yote ya ukatekista wake, akakohoa kama yeye, akawanyooshea kidole waombolezaji: "Nyie mnaokaa nyuma, hata mbinguni mtachelewa?" Watu walicheka huku wakilia. Mimi nilichukua kipaza sauti nikamwamuru aivue. Nilisema mbele ya umati kwamba vazi la ibada si la mchezo, na kwamba asiye Mkristo hapaswi hata kuligusa.

Aliivua, akaikunja vizuri, akaondoka na watani wenzake wote. Tulizika kimya. Bibi Teodosia, mjane, alinishika mkono akaniambia polepole, "Mjukuu wangu, alikuwa amenirudishia mume wangu kidogo. Ungeniacha nicheke."

Wazee walionilaumu sasa wananisifu kwamba nimelitetea Kanisa. Sifa hizo zinaniumiza kuliko lawama zao. Niliandika barua ya kujiuzulu, kisha nikaichana, nikihisi kwamba ninakimbia, na mbio hizo naziita unyenyekevu. Hata hilo sina hakika nalo.

Bibi Teodosia amesema tanga haliondolewi bila watani, na kwamba atakaa katika msiba mpaka waje. Basi wiki iliyopita nilipanda bodaboda hadi Chinongwe kuomba radhi.

Nilijiandaa kwa kila kejeli. Mjomba, hakunitania. Alinifutia kiti, akanipa maji kwa mikono miwili, akaniita Mheshimiwa Mwenyekiti. Nilipomwomba msamaha alijibu, "Hakuna neno, Mheshimiwa. Karibu tena." Nikajaribu kumtania mimi, nikamwambia kuku wake wamekonda kama mwenyewe, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia afisa kutoka wilayani. Sijawahi kufukuzwa kwa adabu kiasi kile.

Kuondoa tanga kumepangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nimewaambia wazee kwamba sitakaa meza kuu. Nitakuwa jikoni nikisonga ugali na wanawake wenzangu. Uenyekiti sitauacha kwanza, maana nikiuacha leo, mwingine atarithi ugomvi nilioutengeneza mimi. Huenda nakosea tena.

Nakuomba wewe, mkubwa wa ukoo, umpigie simu Bi Rabia. Usiniombee radhi. Mtanie tu, kama ulivyozoea, ajue kwamba ukoo wetu bado unamhitaji. Akija akanipaka majivu usoni mbele ya waumini wangu, nitajua nimesamehewa. Ninachokiogopa ni kwamba atafika, atanipa mkono, na kuniamkia kwa heshima.

Nisalimie Mama Faith, Obadia na Ignasi. Mungu akutunzie pumzi yako, na akupe usingizi ambao mimi naukosa.

Mpwa wako akupendaye, ijapokuwa kwa aibu,
Beatrisi