Manowari ya Bwana Ayuel

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Bwana Ayuel amekuja yadi yetu ya boti, simu mkononi. Amenionyesha picha za manowari za kwanza za chuma — moshi mweusi, mizinga, mnara juu. Anataka boti yetu ifanane na hizo! Nimemkumbusha kazi ya boti ni kusindikiza matishari yake ya mizigo mtoni hadi mji wa Bor, si vita. Akacheka. "Nevi inakua, injinia!"

Nevi yenyewe, jeshi lake la majini: boti mbili za mbao, na hii moja ya chuma ambayo haijaisha. Ya nne, anasema, itakuwa nyambizi. Nyambizi! Kwenye mto ambao kiangazi matishari yanakwama mchangani.

Nilikulia Eldoret, nikasomea boti Mombasa miaka minne. Nikarudi kwetu Juba kuchora hii.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Gaetano na wenzake wanaotuchomelea boti ni mafundi wa mageti, Waganda wa mtaa wa Gudele. Mikono yao mizuri, sikatai. Lakini hapa Juba geti hupimwa kwa ngumi. Mteja anagonga, likilia sauti nyembamba, halichukui. Basi leo Ayuel kagonga paa la chumba cha nahodha. Milimita mbili, kama nilivyochora. "De halla!" akasema — eti sufuria.

Gaetano akaona aibu utadhani ameshikwa akiiba. Nilikuwa nimeenda soko la Konyo Konyo kununua boliti. Kurudi, paa langu liko chini na bamba la milimita nane limepanda mahali pake. Sikuulizwa!

"Madam, mimi iko natengeneza geti miaka kumi na tano. Hapana moja imeanguka."

Nimemwambia geti limesimama kwenye simiti. Boti imesimama kwenye maji.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimewachorea kwa chaki. Uzito ukizidi juu, boti inalala na haiamki. Nimewaeleza hata hizo manowari za mwanzo — wakubwa waliongeza chuma juu, wakaongeza mizinga juu, na nyingine zikapinduka na watu wake. Wamesikiliza kwa heshima kabisa. Kisha Gaetano akauliza kama achomelee reli pembeni ya paa, ili watu wakisimama pale wasianguke.

Watu! Juu ya paa!

Ameichomelea. Ina maua na mikuki. Nzuri sana, nachukia kusema.

Jumatatu, 10 Novemba

Boti imeingia majini. Nimening'iniza timazi chumbani, nikawasimamisha mafundi sita upande mmoja wa sitaha. Imelala, ikarudi polepole mno. Nikawapandisha wanne paani. Imelala, ikakaa. Nimehesabu hadi kumi na moja ndipo ikaanza kurudi.

Kwa hiyo: watu wanne juu, ikiwa imefungwa kamba. Ikigeuka katikati ya mkondo, hata mmoja sikubali.

Gaetano alikuwa mmoja wa wale wanne. Ameshuka akishikilia reli yake kwa mikono miwili. Hakunitazama.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwomba Ayuel siku mbili tu, turudishe bamba jepesi. Hapana! Jumamosi kuna kubariki boti. Padre amealikwa, na kwaya itaimba juu ya paa huku boti ikizunguka kisiwa cha hapo mtoni. Anataka nisaini kwamba ni salama. Nimekataa. Amesema sisi tuliolelewa Kenya tumerudi na uoga wa vitabuni.

Imeniuma. Nimejifungia chooni nikalia, kisha nikatoka nikaendelea na kazi.

Ijumaa, 14 Novemba

Sijasaini. Tangu juzi hakuna aliyeniuliza tena. Hiyo ndiyo inanitisha.

Jumamosi, 15 Novemba

Saa nne kasorobo asubuhi. Naandika papa hapa gatini, saa kwa saa, ili nikiulizwa nijibu kwa maandishi. Nimekaa juu ya nguzo iliyofungiwa kamba ya boti. Bila kuninyanyua haifunguki, na mbele ya padre sioni mwanamume atakayethubutu kumbeba mwanamke. Waniite mwendawazimu.

Saa nne. Kwaya imepanda. Nimewahesabu kumi na tisa paani, na majoho yao meupe. Nimepiga kelele washuke, ngoma zimenishinda. Wamenipungia mikono! Boti imelalia upande wa gati na haijarudi. Namukasa, mke wa Gaetano, yuko mbele kabisa.

Saa nne na dakika kumi. Padre ameniuliza kwa upole nina shida gani. Nimemwambia. Amemgeukia Ayuel, na Ayuel amesema nimechoka na kazi. Padre ametikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake.

Gaetano amekuja akachuchumaa karibu yangu.

"Madam, sema tu kweli. Itapinduka?"

"Wewe ulikuwa juu Jumatatu. Wewe niambie."

Nikamsihi aende mbele yao aseme: paa hili nililiweka mimi, ni zito, shukeni. Yeye watamsikia. Ameniambia hayo fundi hawezi kuyasema mbele ya mteja. Labda atamwambia mkewe.

Saa nne na robo. Yuko chini ya paa, anamnong'oneza. Namukasa amecheka. Amewaambia wenzake jambo, nao wamecheka. Amemnyoshea mkono mumewe. Gaetano amenitazama — muda mrefu.

Amepanda.

Ishirini.

Ayuel amepata njia ya kuninyanyua. Kuna wanawake wawili wa kwaya walikuwa wamebaki chini, amewatuma kwangu. Wanakuja wakitabasamu. Mmoja ananiambia, "Dada, simama tu, tutakuombea." Nimeizungushia nguzo miguu. Wamenishika kwapani.