Majina Niliyoyatoa Ndani ya Redio

Jumapili, Julai 1978. Mghange.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nami situlii. Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Nimesema uongo, tena mbele ya mtoto aliyejua ukweli.

Wiki iliyopita Mshai, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, alileta redio mbovu ya baba yake ili darasa lione vifaa vya ndani kabla haijapelekwa kwa fundi. Mimi ndiye mwalimu wa fizikia. Najua kwamba rizista hupunguza mkondo wa umeme, kwamba kapasita huhifadhi chaji kisha huiachilia, kwamba transista ina miguu mitatu na hukuza ishara ndogo ikawa kubwa. Nilifaulu mtihani kwa kuyaandika hayo.

Lakini shule niliyosoma haikuwa na maabara. Rizista niliyoijua mimi ni mstari wa chaki uliopindapinda kama meno ya msumeno. Kapasita ni vistari viwili vinavyotazamana. Tulipoifungua ile redio, nilitafuta meno ya msumeno. Niliyatafuta kweli! Nikaona vipipa vidogo vyenye pete za rangi, na vikopo vya bati. Wasichana wote wananitazama.

Ningesema sijui.

Badala yake nikagusa kipipa nikasema, "Hii ni kapasita." Kikopo nikakiita rizista. Mshai ana mwandiko mzuri, basi yeye ndiye aliyeandika majina kwenye vikaratasi na kuvibandika.

Jana tuliteremka naye hadi Voi. Fundi, mzee mcheshi mwenye asili ya Mombasa, alifungua mgongo wa redio akaangua kicheko.

"Loo! Nani kazibatiza hizi? Mwalimu, chenye pete za rangi ndicho rizista, rangi zenyewe zakwambia nguvu yake. Kapasita ni hiki kikopo. Nani kaandika?"

"Watoto hawa, mzee," nikasema. "Unafundisha hivi, wanaandika vile."

Mshai alikuwa ubavuni kwangu.

"Basi binti yangu," fundi akamtania, "siku ukinitengenezea redio, nitahama nyumba kwanza!"

Mshai akacheka kidogo, kwa adabu, akitazama chini. Tulipotoka aliniuliza, "Nikubebee mkoba, mwalimu?"

Nikampa.

Niliogopa nini? Mzee yule hata jina langu halijui. Kicheko cha mtu mmoja kilinishinda kukibeba, nikamtwika msichana wa miaka kumi na sita.

Kesho nitaliambia darasa zima kwamba kosa ni langu. Hilo naliweza, vifaa vyenyewe nitavichora upya, na pete zake za rangi. Kinachonikosesha raha ni Jumatano. Baba yake Mshai atashuka mwenyewe kuichukua redio, na fundi yule hawezi kuuacha mzaha mtamu hivyo bila kuusimulia. Baba huyo alishaniambia kwamba fizikia si ya wasichana, kwamba muhula ujao Mshai ahamie somo la upishi. Mimi ndiye niliyemsihi angoje.

Sasa nimempa sababu.

Kwao ni mwendo wa nusu saa. Nimevaa viatu, nimevivua, nimevivaa tena. Nikimwambia baba yake ukweli, huenda akauliza mwalimu wa namna gani asiyejua vitu anavyofundisha. Aulize.

Nikiweka nukta hapa, natoka.