Jirani Niliyemwandika Daftarini

Nyumbani, Mafeteng
14 Septemba

Mdogo wangu mpenzi Mpolokeng,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za mipichi ya marehemu mama, ambayo mwaka huu imechanua hadi matawi yameinama. U hali gani huko Mangaung? Kile kifua bado kinakusumbua unapoamkia kiwandani na baridi? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mwanangu Pitso amepiga simu kutoka migodini, ni mzima, anasema amenenepa. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mimi nami sijambo, isipokuwa mguu, na habari ya mguu huo ndiyo iliyonikalisha chini leo nikuandikie.

Mwezi wa sita, asubuhi moja baada ya theluji kuanguka, niliteleza nikienda kuchota maji, nikavunjika mguu wa kushoto chini ya goti. Najua utafoka kwamba sikukupasha habari. Foka, mdogo wangu, una haki, lakini soma kwanza mpaka mwisho.

Aliyeniokota ni jirani yangu 'Malikeleli. Wewe humjui, maana sikuwahi kukutajia; alihamia hapa miaka minne iliyopita, mumewe alipomfukuza. Ni mpika pombe. Pombe ikiiva hupandisha kitambaa cheupe juu ya mti, na wanaume wa kijiji kizima hujaa uani kwake wakigombania makopo. Unanijua nilivyo. Mwaka wa kwanza sikumpa hata salamu.

Kisha kule kanisani, sisi akina mama tunaokutana kila Alhamisi, tukapatana kwamba kila mmoja aandike daftarini majina ya watu atakaowaleta kwa Bwana, awe akiwatembelea, na kila Alhamisi alete habari zao tuwaombee. Mimi nikamwandika 'Malikeleli. Nikaanza kwenda kwake kila Jumanne, Biblia kwapani. Siku ya kwanza alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akacheka. “Karibu, mama mchungaji,” akasema. “Kaa hapo kwenye debe. Ila ukihubiri mpaka pombe yangu iharibike, utainywa mwenyewe yote.”

Nilihubiri. Yeye alikoroga pipa lake, akanipa chai, akanisimulia mambo yake: kipigo cha mumewe, mtoto aliyemzika, usiku aliotaka kujitupa mtoni. Na mimi, Alhamisi ilipofika, nilisimama mbele ya akina mama thelathini nikayamwaga yote, eti tumwombee. Waliguna, wakatikisa vichwa, wengine wakalia. Nilirudi nyumbani nikijiona mtumishi.

Basi siku ile ya theluji, mwanamke huyo alinibeba mgongoni mpaka barabara kuu, akasimamisha gari, akakaa nami hospitalini mpaka mguu ukafungwa plasta. Akina mama wa kanisa walikuja kunitazama, wakaimba vizuri, wakaomba, wakaenda zao. Siwalaumu, nao wana nyumba zao. 'Malikeleli alibaki. Wiki saba alinipikia uji mchachu wa mtama, akaniogesha, akamwaga ndoo yangu ya haja bila kukunja uso. Nikiona haya alinikemea: “Nyamaza, 'Mapitso. Nimewahi kusafisha matapishi ya walevi, wewe ni nani?”

Hapo sikuwa na nguvu za kuhubiri. Ni yeye aliyeanza kuniomba nimsomee Biblia akiwa anachambua mboga. Akija asubuhi, hata kabla ya salamu huuliza: “Yule mama aliyetokwa damu, alipona au hakupona?” Jioni moja maumivu yalinizidi nikawa nalia. Akapiga magoti kando ya kitanda, kwa mara ya kwanza, akaomba hivi: “Bwana, mimi ni 'Malikeleli wa pombe. Pengine hunijui. Lakini huyu unamjua, basi mponye mguu, maana ni mzito na mimi nimechoka kumbeba.” Mpolokeng, nilicheka huku machozi yakinitoka, naye akacheka, akasema amina.

Usingizi haukuja. Kulipokucha nikaona siwezi tena kunywa uji wake kabla sijasema. Nikamwambia yote: daftari, Alhamisi, mtoto wake, mto. Akaendelea kukoroga sufuria. Kisha akasema anajua, tangu zamani. Wenzangu wawili, ambao sitawataja, hununua pombe kwake kwa mlango wa nyuma, nao humsimulia jinsi nilivyomwombea vizuri. Nikamuuliza, sasa mbona ulinibeba? Akanijibu: “Nilikasirika mwezi mzima. Lakini Jumanne ikifika ulikuja. Hata kama ulikuja kwa ajili ya daftari lako, ulikuja. Hakuna mwingine aliyekanyaga uani kwangu bila kutaka kopo.”

Nilipoweza kutembea na fimbo, nilikwenda Alhamisi nikawaambia akina mama nilichofanya, nikaomba jina lake lifutwe. Wengine wamenuna hadi leo. Jumapili mbili zilizopita 'Malikeleli alikuja kanisani mwenyewe, bila kuitwa, akaketi mstari wa mbele. Kitambaa cheupe bado anapandisha. Mzee wa kanisa amenitaka nimkanye, nimemwambia akamkanye mwenyewe, awe tayari kukaa kwenye debe.

Sasa nifikie lililonifanya nikufiche habari za mguu. Katika lile daftari, juu ya jina la 'Malikeleli, kuna jina lako. Barua uliyoniandikia Moeketsi alipokuacha, ile uliyosema nisimwonyeshe mtu, niliisoma mbele ya akina mama wote. Na habari ya mimba zilizotoka niliisema pia. Siku ya mazishi ya shangazi, walipokushika mikono wakikuita “maskini,” uliniuliza wamejuaje. Nilikudanganya kwamba sijui. Hujarudi nyumbani tangu siku hiyo, na nadhani ulijua. Ningekuombaje unionee huruma ya mguu kabla sijakiri hilo?

Nisamehe, mdogo wangu. Miaka yote hii nimekutumia barua zilizojaa mistari ya Biblia, nikingoja uongoke nikatangaze. Katika hii sikuweka hata mmoja. Usije kwa ajili ya kanisa. Njoo tule ugali na mboga, unitazame nikichechemea, unicheke. Na usipotaka kujibu, nitaelewa, ila nitaandika tena.

Nisalimie wenzako wa kiwandani. 'Malikeleli naye anakusalimu. Nilipotaka kumweleza nilivyokukosea, alinikatiza nisitaje lolote. “Usiniambie mimi,” akasema. “Mwandikie mwenyewe. Mambo yake, akija, atayasimulia mwenyewe.”

Ni mimi dada yako akupendaye,
'Mapitso