Chupa ya Maji ya Sukari

Salamabila

Yaya wangu Regina, dada yangu mkubwa,

Nakuamkia wewe, na kupitia kwako namuamkia mama. Je, goti lake linamruhusu sasa kwenda shamba? Na kile kikohozi chako kimepoa? Sisi huku tu wazima. Paulo anatoka alfajiri kwenda machimboni na kurudi na tope hadi kiunoni. Mtoto ananipiga mateke kila nikilalia ubavu wa kushoto.

Umeniandikia kwamba utakuja na gari kunichukua nizalie Kasongo, kwa kuwa mtoto wa kwanza huzaliwa kwa kina mama yake, na kwa kuwa huku sina mwanamke wa kwetu wa kunishika mgongo. Juma lililopita ningekujibu: njoo mbio. Sikiliza kilichotokea.

Kambi hii haina maua. Ajenti wa usafi hataki hata jani karibu na nyumba, nasi tunafagia mpaka ardhi inang'aa kama sahani. Mengi nimeyavumilia, lakini kuwakosa chozi, wale ndege wadogo waliokuwa wakinyonya maua mekundu ya ugo wetu, kulinishinda. Paulo akishaondoka, nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia damu yangu masikioni. Nikakumbuka jinsi mamasera, yule mtawa wa shule yetu, alivyowavuta barazani kwake. Nikachemsha kijiko kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, nikatia katika chupa ndogo ya dispanseri, nikaitundika kwa waya juu ya mlango, imelala upande ili mdomo wa ndege ufike. Shingoni nikaifunga kitambaa chekundu, maana wanapenda rangi hiyo. Sisimizi walipokuja, nikaupaka waya mafuta ya mawese.

Najua wewe umekwisha kuliona kosa langu. Chupa, kitambaa chekundu, mafuta, tena juu ya mlango! Mimi nilikuwa nawaza ndege tu.

Kesho yake Zaina, mtoto wa jirani yangu, akashikwa na homa. Mama yake ni Mubangubangu, wa kabila la kule Kabambare, nami nimekuwa nikikutajia jina lake katika kila barua: ndiye aliyenipokea hapa, ndiye aliyeahidi kunizalisha. Akaacha kuja. Nikimsalimu kisimani, anainama kama aliyeangusha kitu. Wanawake wengine wakaanza kuzunguka nyuma ya nyumba ili wasipite mlangoni pangu.

Paulo akasema, "Iondoe tu, mke wangu, tulale."

Nikamwambia, "Nikiiondoa kimya kimya, nimekubali kwamba ni dawa ya kuroga."

Siku ya tatu Mama Zaina akaja mwenyewe, na wanawake wa safu yetu ya nyumba nyuma yake. Hakupiga hodi.

"Mama Paulo," akaniita kwa jina la mume wangu, kama ilivyo desturi hapa, "hii iko nini umetundika?"

"Maji ya sukari. Ya ndege."

Wakacheka vibaya. Mmoja akasema, "Mutu wa masomo! Ndege ya kwao wanakunywa chai!"

Mama Zaina hakucheka. "Kama haiko dawa, kunywa."

Unajua kwetu vilevile: aliyetega dawa hathubutu kuionja. Nikapanda kigoda na tumbo langu hili, nikaishusha chupa, nikanywa mbele yao. Nusu ikanimwagikia kifuani. Nilichoogopa, yaya, ni kwamba hata hivyo hataniamini.

Alinitazama sana. Kisha akaninyang'anya chupa, akatia kidole, akalamba. Akalamba tena.

"Kumbe sukari kweli! Mutoto wangu anakunywa uji mukavu, na weye unapatia ndege sukari? Iko wazimu gani hii?"

Hapo wakacheka vizuri, nami nikacheka huku nalia. Zaina alipewa vidonge vya kinini vya homa, sasa anakimbia. Chupa imerudi mahali pake bila kitambaa, na juzi chozi mmoja alikuja, kifua kijani cha kumetameta, akaning'inia kwenye waya akinywa. Mama Zaina alikuwa kando yangu. Akaninong'oneza, "Usipumue." Ndege alipoondoka aliweka kiganja tumboni mwangu, akakiacha hapo.

Nilimwambia habari ya gari. Akanuna. "Andikia yaya yako: kama anataka kukuchukua, aanze kuniomba mimi."

Basi njoo, lakini uje kukaa nami, si kunichukua. Umwombe mama asikasirike.

Nisalimie baba mdogo, mwalimu wa dini, na shangazi anayesuka mikeka, na bibi wa Nyangwe akija sokoni. Mwambie bibi kwamba kama ni msichana, tutampa jina lake, Paulo amekubali.

Anayekukumbuka kila asubuhi,

mdogo wako Veronika