Kompyuta Iliyokataa Kulala Nyumbani kwa Dada Tsonka

Mtaa wa Juu, karibu na kanisa,
Kotel,
Bulgaria.
25 Machi

Mpendwa mpwa wangu Zornitsa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, mumeo Asparuh na mtoto Neda, na kwamba baridi ya Chicago imeanza kuwaachia nafasi ya kupumua. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika kama desturi yake, ila siku hizi silisikilizi. Mama yako mzima, anakohoa kidogo asubuhi. Baba yako anaendelea vizuri tangu upasuaji wa moyo. Daktari wa Varna alimwambia asiinue vitu vizito, asigombane na watu, na alale vya kutosha. Hilo la kwanza analifuata.

Najua utashangaa kupata barua wakati mnaonana kila Jumapili kwenye kompyuta. Sababu ni kwamba kuna jambo mama yako amenikataza kabisa kukueleza kwenye kompyuta. Kuhusu barua hakusema lolote, nami nimefanya kazi posta maisha yangu yote, kwa hiyo sioni kosa.

Jambo lenyewe ni hiyo kompyuta uliyowanunulia. Tangu mwanzo wa mwezi huu ilikataa kulala.

Unakumbuka ulivyomwelekeza mama yako kwa simu ilipofika. Ulimwambia asiizime kabisa, maana ikizimwa itamdai neno la siri na mambo mengine ya kumchanganya. Aiache tu, itajilalia yenyewe baada ya robo saa, na akitaka kuiamsha akitikise kipanya. Mama yako aliyapokea maneno hayo kama ya padri. Hajawahi kuizima hata mara moja. Siku umeme ulipokatika alikuja kwangu mbio akilia kwamba ameua kompyuta ya mtoto.

Basi ikawa inalala na kuamka vizuri miaka yote. Ilipoingia Machi ikabadilika. Kioo kinazima, hujamaliza hata kumenya kitunguu, kinawaka tena. Feni yake inanguruma mchana kutwa na usiku kucha. Na unajua nyumba yenu ilivyo wakati wa baridi: kuni ni za kuwasha jiko moja tu, kwa hiyo wote wanaishi jikoni, na baba yako analala kwenye kochi palepale, miguu ikielekea kabati ambalo kompyuta imekaa juu yake. Kila alipofumba macho, ukuta unawaka kama kuna gari linaingia.

Akaanza kudhoofika. Mimi si mtu wa kutia chumvi, lakini uso wake uligeuka rangi ya unga uliokandwa. Nilimwona hivyo nikaogopa, nakwambia kweli. Mtu aliyepasuliwa moyo mwezi Januari hawezi kukesha na feni.

Jumanne moja nikawakuta wamenuniana. Mama yako anakoroga supu ya maharagwe kana kwamba yamemtukana, baba yako yuko kwenye kochi na kofia yake usoni.

"Shemeji, afadhali umekuja," baba yako akasema kutoka chini ya kofia. "Mwambie dada yako hiki kidude nimekipa mpaka Jumapili. Kisipolala, kinahamia bandani kwa mbuzi."

"Mwambie shemeji yako," mama yako akanijibu mimi, "kikihamia bandani na mimi nahamia bandani. Mbuzi wanajua kusalimia."

"Mbuzi hawakoromi pia. Utastarehe."

"Stamen, usinichokoze! Mjukuu wangu namwona humo tu. Humo tu! Wewe humtaki, mimi namtaka."

Hapo nikavua koti. Sitajifanya kwamba hujui habari hiyo. Miaka mitano sasa tangu uondoke bila kumuaga, siku aliyokuwa malishoni, ili asikuzuie, na tangu hapo hajakaa mbele ya kioo hicho. Ukipiga tu, yeye anakumbuka kwamba mbuzi hawajapewa maji. Mtoto amezaliwa, ametembea, ameanza kuimba, na babu yake hajaiona sura yake ila kwa kupita, akiwa na ndoo mkononi. Mama yako alijua vizuri kwamba kompyuta ikienda bandani haitarudi, kwa sababu huko waya wa intaneti haufiki, na baba yako akishaamua jambo huwa amelijengea ukuta.

Kwa kuwa nilikuwa posta, na posta na simu zilikuwa jengo moja, mji mzima unaamini kwamba kila waya duniani ni wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakaa kaunta nikiuza stempu. Lakini dada akikuangalia na kijiko cha supu mkononi hivyo, huwezi kumweleza tofauti.

Nilianza na mipangilio. Ilikuwa sawasawa kama ulivyomwambia mama yako, robo saa. Nikapunguza iwe dakika tano, ikawa inazima mapema na kuwaka mapema, basi. Nikafunga programu zote zilizokuwa wazi. Nikachomoa ile mashine ya kuchapia, ambayo mama yako huitumia kama meza ya maua. Haikusaidia. Nikampigia simu kijana wa duka la kompyuta la Sliven, akaniuliza kama kuna muziki au picha inayocheza kwa nyuma, nikamwambia nyuma kuna ukuta. Akacheka peke yake. Akasema labda inajisasisha kupitia intaneti. Nikachomoa waya wa intaneti, mama yako akashika kifua, nikamwambia atulie, leo si Jumapili. Kioo kikazima. Tukasubiri. Kikawaka.

"Nilikwambia," akasema baba yako chini ya kofia, na sauti yake ilikuwa na raha ambayo sikuipenda.

Siku ya pili nikatumia akili ya posta: kama mfuko una barua moja inayonuka, unatoa moja moja. Nikachomoa kamera, kompyuta ikaamka. Nikachomoa kibodi, ikaamka. Nikachomoa kipanya, ikalala. Tulikunywa chai, tukala mkate na jibini, bado imelala. Nikakichomeka tena kipanya, sikukigusa kabisa, nikakaa mbali na mikono yangu mapajani kama niko kanisani. Ikaamka.

Nikakigeuza. Chini yake kuna tundu lenye taa nyekundu. Ndiyo inayoangalia sehemu iliyo chini yake na kuiambia kompyuta kwamba mkono unasogea. Na mbele ya tundu hilo kulikuwa na kishada kidogo cha nyuzi, nyekundu na nyeupe. Mama yako alikuwa amekifungia kipanya martenitsa, uzi wa afya wa Machi.

Usicheke. Nilicheka mimi, nikajuta. Alikuwa ameifunga shingoni, pale waya unapotokea, kwa fundo la heshima, na ncha za kishada zikawa zinaingia chini. Joto la jiko likizipepea kidogo, taa inaona kitu kinasogea, kompyuta inadhani Tsonka anaita, inaamka. Haikuwa mbovu hata kidogo.

"Dada, tatizo ni hili hapa. Lete mkasi."

"Mkasi? Gencho, umelewa? Tarehe kumi na tisa hii! Umeona korongo gani wewe? Umeona mti gani umechanua?"

Na kweli sikuwa nimeona. Huku kwetu miplamu bado ni vijiti, na theluji iko kivulini nyuma ya kanisa. Wewe unajua sheria: uzi ukishafungwa tarehe mosi Machi haufunguliwi mpaka macho yaone korongo au ua la kwanza, ndipo unautundika mtini. Ukiukata kabla, umemkatia afya yule unayemtakia. Nikamwambia basi tuvute fundo juu kidogo. Akasema fundo lililofungwa kwa dua halivutwivutwi. Nikamwambia basi akitoka jikoni awe anakigeuza kipanya, kilale chali. Akaniuliza kama mimi hugeuza picha za watakatifu zikilala chali.

"Lakini kwa nini kipanya, dada? Watu hufunga watoto, hufunga wanakondoo, hufunga miti. Nani amewahi kufunga kipanya?"

Akafuta mikono kwenye aproni. "Ndicho ninachokishika nikiongea na mtoto," akasema. "Mkono wangu mwingine haufiki Chicago."

Kisha akanyoosha mkono wake nikaona ana ya kwake tayari, imesokotwa vibaya, nyekundu nyingi, nyeupe kidogo. Ndipo akanieleza. Ulituma bahasha mwanzoni mwa Februari, mna martenitsa mbili alizotengeneza Neda kwa vidole vyake. Moja ya bibi, moja ya babu. Mama yako alimpelekea baba yako ya kwake pale kwenye kochi. Hakuitupa, sitamsingizia. Aliitazama, akaiweka mezani, akasema ana kazi. Ikakaa mezani siku nzima, na mama yako akaona ni dhambi uzi wa mtoto ulale hivyo bila mwili, akaufunga mahali anapoona una maana.

Alikuwa anasimulia kwa sauti ya chini, lakini jikoni pale ni padogo. Nilipogeuka, kofia haikuwa usoni tena. Baba yako alikuwa ameketi.

"Kwa hiyo," akasema, "kinachonikosesha usingizi ni cha kwangu."

Mama yako akajifanya anaangalia supu. Mimi nikatazama dirisha, kwa sababu usoni mwa shemeji yangu kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa changu kukitazama.

Akainuka, polepole, mkono mmoja kifuani kama daktari alivyomfundisha. Akaja mpaka kwenye kabati. Akakunja mkono wa shati.

"We mwanamke. Fungua."

"Siwezi kufungua. Hujaona mti."

"Sikwambii utupe. Nakwambia uhamishe. Uzi wa babu, mkono wa babu. Hilo nalo lina dhambi?"

Mama yako aliutazama uzi, akautazama mkono. Mwishowe akasema mwenyewe akiudai, basi haujafunguliwa, umefika. Sijui sheria hiyo ameitoa wapi. Nimeishi hapa miaka sabini sijaisikia. Fundo likamshinda, ikabidi nilifungue mimi kwa ukucha. Akamfunga baba yako. Uzi ulikuwa mfupi, mtoto alikadiria mkono mdogo, kwa hiyo umembana kidogo. Nilimwambia tuongezee kamba. Akasema uache ulivyo.

Kompyuta ikalala baada ya dakika tano. Nikairudisha kwenye robo saa kama ulivyopenda. Imekuwa ikilala tangu hapo, na baba yako pia, mpaka mama yako sasa analalamika kwamba anakoroma kama mashine ya kukata mbao. Habari ya bandani haijatajwa tena.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Juzi Jumapili ulipopiga, mlipokuwa mnaongea, mkono wenye uzi ule uliingia pembeni mwa picha kumsogezea mama yako glasi ya chai. Neda akapiga kelele, "Huo ni wa babu! Nilimtengenezea babu!" Wewe ukauliza ni nani huyo aliyekaa hapo, na mama yako akajibu haraka kwamba ni mjomba Gencho. Mtoto akanuna, na haki yake. Mama yako alidanganya kwa sababu huku chini alikuwa amekanyagwa mguu na baba yako.

Mimi sikuwa hata nyumbani, Zornitsa. Nilikuwa kwangu na goti langu, nimesimuliwa. Alikaa pale muda wote mlipoongea, kwenye kiti cha pembeni, ambapo kamera haifiki. Mama yako anasema alipomsikia mtoto akilalamika kwamba uzi umepewa mtu mwingine, alifungua mdomo kisha akaufunga. Nadhani bado anahitaji Jumapili nyingine mbili tatu. Wewe mwombe mtoto aimbe tena, na usiulize ni nani yuko pembeni.

Msalimie Asparuh. Mwambie Neda ukweli kuhusu ule mkono, ila mwambie awe na subira. Mama yako anawabusu wewe na mtoto, huku na huku. Mwenyezi Mungu awape afya, na awape mti wenye maua mapema kuliko sisi.

Baba yako hajatuma salamu. Lakini leo asubuhi ameniuliza barua hii itachukua siku ngapi kukufikia.

Wako akupendaye siku zote,
Mjomba Gencho